Nilivyoachana na programu za kukraki kwenye steshenari yangu Dodoma

Steshenari yangu iko Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nina kompyuta nne, printa mbili na mashine moja ya kutoa kopi. Juni na Julai ndiyo mavuno yangu, maana wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaleta risachi zao kuchapa, kupanga na kubaindi, na tunafunga saa tano usiku.

Jumanne moja ya Juni 2021 niliwasha kompyuta ya dirishani nikakuta mafaili yote yamebadilika sura. Majina yapo, lakini kila jina limeongezewa herufi ngeni mwishoni, na hakuna lililokubali kufunguka. Katikati ya kioo kulikuwa na barua ya Kiingereza: lipa kwa dola, ndipo upewe ufunguo. Risachi ishirini na tatu zilikuwa mle ndani.

Nilijua virusi hivyo vilikopitia. Wiki moja nyuma nilikuwa nimempa fundi shilingi 15,000 anipigie windo upya, yaani Windows, programu inayoendesha kompyuta. Alikuja na flashi yenye kila kitu: windo, programu ya kuandikia, ya kupangia kadi za harusi, na kile kidude cha kuzikraki ili zisidai leseni. Akaniambia, "Dada, zima antivairasi kwanza, itatusumbua." Nikaizima kwa mkono wangu.

Wanafunzi wengi walikuwa na nakala kwenye imeli au flashi zao. Sita hawakuwa nayo popote. Nawakumbuka wote, ila zaidi binti mmoja kutoka Singida, ambaye sura ya nne na ya tano tulimchapia sisi kutoka kwenye daftari. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akauliza, "Dada, hata ile ya jana?" Nikamwambia hata ile ya jana. Bahati alikuwa na karatasi alizorudishiwa na msimamizi wake, zimejaa wino mwekundu. Tulizichapa upya usiku tatu mfululizo, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikiandika, upepo wa Dodoma ukipitisha vumbi chini ya mlango. Sikumdai hata senti.

Baada ya hapo niliapa hakitaingia tena kitu kilichokrakiwa dukani kwangu. Kuapa kulikuwa rahisi kuliko kufanya. Kulipia leseni kwa kompyuta nne nisingeweza. Mwanafunzi mmoja wa kompyuta, mteja wangu wa siku nyingi, ndiye aliyenifungua macho. Akaniwekea Ubuntu badala ya windo kwenye kompyuta tatu, pamoja na LibreOffice ya kuandikia. Nikamuuliza, "Na hizi nani kazikraki?" Akasema hizi hazikrakiwi, wenyewe wametoa ruhusa.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia. Nilikuta kwamba Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza mwaka 1983 kwamba ataandika programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichungulia zilivyoundwa, kuzirekebisha na kuzigawa. Kiingereza kina neno moja, "free", kwa kitu huru na kitu cha bure, kwa hiyo wenzetu wanalazimika kueleza kila siku wanamaanisha kipi. Sisi tuna maneno mawili, na tofauti iko wazi. Stallman mwenyewe mwaka 1985 aliuza Emacs, programu yake ya kuandikia, kwenye kanda kwa dola 150. Huru, si ya bure. Nilifurahi pia kujua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice, ambamo LibreOffice ilitoka, kwa Kiswahili. Wakaiita Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Ruhusa ilikuwepo, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti.

Shida kubwa ilikuwa mwandiko. Mteja analeta risachi iliyopangwa kwingine, ukiifungua jedwali limerukia ukurasa wa pili na namba za yaliyomo zimepishana. Nikafikiri programu ni mbovu. Kumbe kompyuta haina fonti, yaani aina za herufi, alizotumia mteja, inaweka nyingine yenye upana tofauti. Dawa yake: Liberation Serif ina upana uleule wa herufi za Times New Roman, na Carlito ule wa Calibri. Niliweka zote mbili, na kurasa nyingi zikatulia. Zisizotulia tunazimalizia kwenye kompyuta ya nne. Hiyo nimeiachia Windows na programu ya kuandikia zenye leseni halali, nilizolipia zamu yangu ya mchezo ilipofika. Mwenye mali akisema mali yangu nauza, ama namlipa ama natafuta nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, lakini kwangu mimi sheria ilikuja nyuma ya yule binti wa kwenye benchi.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Kijana mmoja wa Nkuhungu alikuwa ameniuzia kwa shilingi 60,000 programu aliyoiandika mwenyewe ya kurekodi kazi na mauzo ya steshenari. Ilikuwa nzuri, nikawagawia majirani wanne kwa flashi bila kumuuliza. Siku moja alikuja, akanisalimia kwa adabu, akasema, "Mama, nimeikuta kwa watu ambao siwajui. Wananipigia simu niwatengenezee, na hawajanilipa." Sikuwa na la kujibu. Mimi niliyeapa kuacha vya wizi nilikuwa nimempora mtoto wa mjini kwangu.

Nilimlipa za wale wanne kwanza, kisha tukakaa. Nikamwambia habari za baba mdogo wangu wa Hombolo, mkulima wa zabibu. Akipogoa mizabibu, anayetaka vipande vya kupanda anachukua, wala shamba lake halipungui. Lakini hakuna anayeingia kuchuma zabibu bila kulipa, na anayejua kupogoa vizuri anaitwa mashamba ya watu na kulipwa ujira wake. Kijana alifikiri kwa siku kadhaa. Akarudi na uamuzi wake: programu watu wanakili kwa ruhusa yake, ila kuiweka, kuirekebisha na kufundisha wahudumu analipwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila duka. Uamuzi ulikuwa wake, na hilo ndilo nililokuwa nimemnyima.

Sasa tuko steshenari saba tunaomlipa. Mwezi uliopita ameongeza sehemu ya madeni niliyomwomba: unaandika jina la mwanafunzi, na kama bado anadaiwa hela ya kubaindi, jina linatokea kwa rangi nyekundu kabla hujamkabidhi kitabu chake.