Msimu wa laivu umefika, mimi huyo Unguja

Mwaka wangu hauanzi Januari. Januari ni ada za shule na kodi ya nyumba tu, mwaka wenyewe unaanza Februari pale tamasha la muziki la Sauti za Busara wanapofungua geti Ngome Kongwe, kaskazi inavuma, joto limekolea mpaka unatoka jasho ukiwa umekaa, na kuanzia hapo ni tamasha juu ya tamasha mpaka mwisho wa mwaka. Mwaka huu nimeamua kuwahi, nifike kabla hata spika hazijafungwa.

Kwa sisi wa Dodoma siku hizi hakuna kisingizio. Zamani safari ya Dar ilikuwa inakula siku nzima ndani ya basi, unashuka miguu imevimba na hamu ya muziki imeshaisha, sasa tumepanda treni ya SGR asubuhi mimi na shemeji yangu, mdogo wake wife, na kabla ya saa sita mchana tupo Dar tunatafuta bajaji ya kwenda bandarini. Shemeji ni kijana wa amapiano na singeli, hajawahi kukanyaga tamasha la laivu maishani mwake, nimemlipia tiketi mwenyewe. Njia nzima tulikuwa tunabishana, mimi nasema msanii lazima aimbe laivu, yeye anasema hata pleibeki, sauti iliyorekodiwa, inatosha. Tukiingia kwenye mahandaki ya kule Kilosa mtandao unakata, ndo anavua earphone anaanza upya.

"Shem, watu wanaenda kumuona msanii, hawaendi kusikiliza maiki."

Nikamwambia kama ni kumuona tu si ningemuona kwenye simu bure nikiwa nimelala? Maana kuna shoo moja nilienda Dar, tiketi si ya kitoto, msanii (simtaji) akafika kwenye kiitikio akatuelekezea maiki mashabiki tuimbe, na sauti yake ikaendelea kuimba vilevile, wala haikutetereka. Maiki iko kwetu, yeye anacheka, sauti inaimba. Watu wakashangilia! Mimi nimekulia nyumba ya Msondo, mzee wangu alikuwa Msondo damu na jirani yetu Sikinde damu, wikiendi hawasalimiani vizuri, na zile bendi zilikuwa zinapiga kuanzia usiku mpaka karibu na alfajiri, tarumbeta zinapulizwa na watu wenye mapafu, mwimbaji akichoka unamsikia kachoka na mwenzake anampokea. Huko ndo nilikotoka, sasa pleibeki utanidanganya nayo nini.

Ndo maana Busara nawapenda. Wameanza 2004 na msimamo wao ni ule ule, jukwaani ni laivu, ukija na flashi yako rudi nayo nyumbani. Sio kwamba wana hela nyingi, 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa sababu ya ukata, lakini waliporudi walirudi na sharti lao.

Boti sasa. Ukitoka Dar kwenda Unguja Februari unaenda kifua kwa kifua na upepo, kwa hiyo ile nusu ya mwanzo bado mnapiga selfie, mkishaliacha bara mbali kidogo wahudumu wanaanza kupita na vifuko, wanagawa kimyakimya, hawaulizi, wanakuangalia tu usoni wanajua. Shemeji alikataa kifuko. Dakika kumi baadaye akaniomba changu. Ushauri wa bure, kaeni nyuma na chini, juu mbele ni pa picha tu.

Tumeshuka Malindi jua linaelekea kutua, tumetupa mabegi gesti, tukatembea mpaka Forodhani. Ngome iko pale pale na kuta zake, Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatimua Wareno, na jirani yake Beit el-Ajaib, masikini, lile jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, bado linaniuma kila nikiliangalia. Ila sikukaa sana na huzuni maana kutoka ndani ya ngome kulikuwa kunasikika kitu. Saundicheki! Besi inagonga mara moja, kimya, inagonga tena, mtu anasema "moja mbili, moja mbili", halafu katikati ya hizo kelele nyuzi zinalia taratibu, tiii, tiii, moja moja.

Mlinzi akatuacha tuchungulie. Pembeni ya jukwaa kakaa mzee mmoja wa taarab, kofia kichwani, kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, mapajani, anakaza nyuzi na kiufunguo kidogo hivi cha chuma. Kwa asiyejua, kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu, na zile tatu lazima zitoe sauti moja, ikipishana moja kidogo tu sikio linakwaruzwa. Anakaza ya kwanza, anadonoa, anakaza ya pili, anadonoa zote mbili, anakunja uso, analegeza. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Shemeji akamuuliza mbona anahangaika leo na shoo ni kesho, mzee akasema hiyo ni ya leo tu mwanangu, kesho jua likipiga na unyevu wa bahari ukiingia anaanza tena upya, zote. Shemeji akahesabu mbili tatu, akakata tamaa, akaenda kutafuta chaji.

Mimi nilibaki. Ukumbi huu huu nilimuona Bi Kidude miaka ile kabla hajafariki 2013, kikongwe vile na ngoma yake, hakuna mashine ingeweza kuimba kwa niaba yake. Mwaka huu nimekuja zaidi kwa kidumbaki, ile taarab ya mtaani yenye fidla, vingoma viwili na besi la sanduku la majani ya chai lenye fimbo na kamba, mpigaji anaivuta kamba kwa fimbo kupandisha na kushusha noti, na ikikolea kina mama wanafunga khanga kiunoni hapo usisogee karibu kama hujui kukata.

Na huu ni mwanzo tu. Ramadhani itapita, katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu la ZIFF hapa hapa Unguja, watu wanadhani ni filamu tu kumbe usiku kuna muziki, halafu tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, lipo tangu 1982 na ukilala huko husikii kitu zaidi ya ngoma, na mwisho wa mwaka natamani Jinja, Uganda, tamasha la Nyege Nyege (mama mkwe asisikie), kule kwenye Nile, ambako singeli yetu inapigwa na Wazungu wanatoka jasho kuliko sisi. Hapo ndipo shemeji aliposhtuka, singeli Uganda? Sasa hivi yuko kwenye foleni ya pizza ya Forodhani anatafuta basi la Mutukula kwenye simu. Nimemwambia nauli ya Jinja atajilipia.