Profaili ya siku gani?

Wiki hii nzima mawazo yangu yako kwenye kompaila, ile zana inayogeuza msimbo tulioandika kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta. Programu yetu ya tiketi za boti kati ya Lamu na Mokowe imeandikwa kwa lugha ya Go, na tangu toleo la 1.21, la mwaka 2023, kompaila ya Go iko tayari kuongozwa na profaili, yaani rekodi ya programu ikiwa kazini. Unairekodi programu ikiwa kazini uone prosesa inatumika wapi, faili unaliita default.pgo, unaliweka kwenye folda ya paketi kuu (fungu la msimbo ambalo programu inaanzia), basi unajenga upya. Fankisheni (vipande vya msimbo vyenye kazi maalumu) zinazoitwa sana, kompaila huzipachika palepale zinapoitwa. Waliotengeneza Go walitaja nafuu ya asilimia 2 hadi 7. Kwa seva ndogo kama yetu, si haba.

Kazi iko kwenye kuchagua siku. Kijana ninayefanya naye kazi ananiambia, "Kaka, si turekodi leo tumalize?" Leo kusi inavuma, wageni ni wa kuhesabu, na programu inashinda ikitoa ripoti za mhasibu. Wiki ya Maulidi ni mambo mengine kabisa: jeti imefurika, kila mtu na simu yake anatafuta kiti, malipo yanaingia mfululizo. Tukirekodi leo, kompaila itampa kasi mhasibu ambaye hana haraka, na abiria aliyesimama juani hataona tofauti.

Kwa hiyo nimeshikilia kwamba turekodi kwenye seva yenyewe, siku za pilikapilika na siku za utulivu, kisha rekodi hizo tuziunganishe kwa pprof, zana ya Go ya kushughulikia profaili. Muda wa kila rekodi lazima ulingane, kwa sababu sampuli zinajumlishwa tu, na rekodi ndefu itazimeza nyingine. Hapa Go imetufaa sana: inapima kwa sampuli, yaani inachungulia mara kwa mara tu, mzigo wake mdogo. Anayetumia GCC, kompaila ya lugha kama C, kwa njia ya vihesabio vinavyohesabu kila hatua hujenga kwanza programu ya kupimia, nayo ni nzito, mtu anasita kuwawekea wateja.

Halafu kuna kuchakaa kwa profaili msimbo unapobadilika. Kuongeza mistari juu ya fankisheni hakudhuru, maana mistari huhesabiwa kuanzia mwanzo wa fankisheni yenyewe. Ukiibadilisha jina, au ukiihamishia paketi nyingine, kompaila haiitambui tena. Kijana wetu anapenda sana kupanga msimbo upya, na anaupanga vizuri kweli. Tumekubaliana: fankisheni ya kushika kiti haiguswi jina mpaka tupate profaili ya Maulidi.