Rubi ya Mzee wa Voi

Basi la usiku lilimshusha Mzee mjini alfajiri, na kufikia saa mbili alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo letu, gunia katikati ya miguu. Mjomba alipofungua mlango, Mzee aliingia, akasalimia, akauliza hali za nyumbani, kisha akaomba mlango ufungwe tena kwa ndani. Nikaufunga. Mwaka ulikuwa 2011. Nilikuwa nimemaliza shule na kujishikiza kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akikata vito katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka River Road.

Ndani ya gunia kulikuwa na leso, ndani ya leso gazeti, na ndani ya gazeti jiwe la kilo nne kasoro. Lilikuwa la rangi ya waridi iliyokolea, limekatwa huku na huku na mishipa myeusi, na upande mmoja una ganda jeusi lililoacha weusi vidoleni mwangu.

"Rubi," Mzee akasema kwa sauti ya chini. "Shimo lenyewe sisemi liko wapi."

Hakuna mchimbaji anayesema. Ukimwuliza wa Kasigau atakwambia jiwe lake ni la Kuranze, na wa Kuranze atakwambia ni la Tanzania. Mjomba hakuuliza. Wala hakusema ni rubi au si rubi, ingawa nilimwona alivyolitazama mara moja tu kisha akaenda kuweka chai. Alimmiminia Mzee kikombe, akamwomba ruhusa ya kulipima, na Mzee akakubali kwa sharti kwamba jiwe lisiondoke mbele ya macho yake.

Tulianza na taa ya zambarau, ile ya ultraviolet. Rubi za Mangare, kule Taita Taveta, zina chuma kidogo, kwa hiyo zikimulikwa kwa taa hiyo gizani huwaka nyekundu kama kaa la moto. Mjomba alikuwa na kipande kimoja kidogo cha Mangare alichokiweka makusudi kwa ajili ya wageni wa aina hii. Akavuta pazia, akaviweka viwili pamoja, akawasha. Kipande kikawaka. Jiwe la Mzee likabaki limelala gizani.

"Taa yako imechoka," Mzee akasema.

Mjomba akacheka, lakini si kwa dharau. Akanipa lenzi ya mara kumi nitazame pale jiwe lilipovunjika. Niliona vibapa vidogo vinavyong'aa, vimepangana kama ngazi, na kila viwili vinapokutana pembe yake karibu mraba kamili. Rubi haina pasuko la namna hiyo. Kisha tukachukua kipande cha kwatzi, tukalikwaruza jiwe kwenye kona ambayo Mzee mwenyewe aliichagua baada ya kuligeuza na kuligeuza. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7 na rubi ni 9. Kwatzi haiwezi kuiumiza rubi hata ukisugua hadi jioni. Hapa iliacha mchirizi. Kisu cha chuma, ambacho ni kama 5.5, kiliteleza bila kuacha chochote cha maana. Kwa hiyo jiwe lilikuwa mahali fulani katikati, kama 6.

Mzee alilamba kidole, akausugua ule mchirizi ili aone kama utafutika. Haukufutika.

Densiti, yaani uzito wa jiwe ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule, ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu ni kazi niliyoachiwa mimi. Kipande kilichomeguka chenyewe upande wa ganda kilikuwa na gramu 41.6 kwenye mizani. Nikakifunga uzi, nikakitumbukiza ndani ya maji kikining'inia, mizani ikasoma 30.2. Maji yamebeba gramu 11.4, gawanya 41.6 kwa hiyo, unapata 3.65. Kwatzi ya waridi ni 2.65, nyepesi mno. Rubi ni 4. Hapo nikaanza kutaja majina kwa kiherehere, nikiwa nimesoma kitabu kimoja tu cha vito nilichokikuta kwenye rafu ya mjomba: inaweza kuwa rodokrosaiti, inaweza kuwa rodonaiti. Zote mbili zina metali iitwayo manganizi, zote za waridi, na uzito wao unakaribiana. Tofauti ni kwamba ya kwanza ni kabonati, laini, kisu kinaiingia, na ukiidondoshea asidi ya moto inatoa povu. Ya pili ni silikati na haijali.

"Kisu hakikuingia," mjomba akasema. "Umeshajijibu. Lakini Mzee hataniamini mimi. Mpeleke Chiromo."

Alikuwa akimfahamu mama mmoja aliyefanya kazi maabara ya jiolojia pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi. Tukapanda matatu ya Westlands, Mzee amelipakata jiwe mapajani. Makanga alitaka kumtoza nauli ya mzigo. Mzee akamwuliza kama huwa anawatoza akina mama wenye watoto, abiria wakacheka, mambo yakaishia hapo.

Mama wa maabara alimpokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alimwita Baba, akamtafutia kiti, akamwomba kipunje tu, si jiwe. Asidi ya hidrokloriki iliyopashwa moto haikutoa hata povu moja. Kisha akafanya kitu ambacho Mzee alikipenda kuliko vyote. Alichukua waya mwembamba wa platinamu uliopindwa kitanzi nchani, akauchomeka kwenye unga wa boraksi, akaupeleka motoni hadi boraksi ikayeyuka na kuwa tone la kioo lisilo na rangi. Akaligusisha tone kwenye vumbi la jiwe, akalirudisha kwenye ncha ya nje ya mwali, pale penye hewa nyingi. Lilipopoa lilikuwa zambarau safi. Manganizi. Akalirudisha tena ndani ya mwali, pasipo na hewa ya kutosha, na zambarau ikapotea. Akalitoa nje, ikarudi.

"Rudia," Mzee akasema. Akarudia.

Rangi ya waridi ya jiwe nayo inatokana na manganizi hiyohiyo, inayomeza kidogo mwanga wa kijani na kuachia mwingine. Na lile ganda jeusi lililomfanya Mzee aone haya, akidhani ni uchafu unaoshusha bei, ni manganizi iliyokaa hewani na majini muda mrefu mpaka ikageuka oksidi. Mama alisema mtu anayejua mawe haya huanza kutafuta weusi, kisha anavunja aone kama ndani kuna waridi.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipozama. Nilidhani tukishasema silikati ya manganizi tumemaliza. Kumbe ziko kadhaa. Ndani ya silikati, kila silikoni moja imezungukwa na oksijeni nne, na mafungu hayo yanaweza kupangwa kwa namna nyingi. Kwenye ganeti, kito kingine cha silikati, kila fungu limekaa peke yake. Kwenye kwatzi yameshikana pande zote. Kwenye jiwe la Mzee yameshikana kufuatana, yakawa minyororo mirefu isiyoisha, na katikati ya minyororo ndimo zimekaa manganizi na kalsiamu. Mama alivua bangili yake ya shanga akaiweka mezani. Mchoro wa shanga unakwenda, unakwenda, halafu unaanza upya. Swali ni unaanza upya baada ya shanga ngapi. Mawe ya aina ya pirokseni huanza upya baada ya mafungu 2. Wolastonaiti baada ya 3. Rodonaiti baada ya 5. Na ipo nyingine, piroksimangaiti, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1913 kutoka South Carolina, Marekani, ambayo huanza upya baada ya 7. Kwa macho, hiyo ya 5 na hiyo ya 7 ni pacha: waridi ileile, ugumu uleule, mishipa ileile. Nilimwona Mzee akihesabu shanga kwa ncha ya ukucha, akafika tano, akasita, akaanza tena.

Kuzitenganisha kulihitaji kipande cha jiwe kigandishwe kwenye kioo na kusagwa mpaka kibaki unene wa milimita 0.03, mwanga upite. Kazi hiyo ilichukua mpaka kesho yake mchana. Mzee alilala kwetu Umoja, jiwe chini ya mto. Tuliporudi, kipande kilikuwa tayari chini ya hadubini, na mama akaniruhusu nichungulie. Waridi yote ilikuwa imetoweka. Unene huo haubakizi rangi. Ilibaki miraba ya kijivu na njano iliyozimika na kuwaka kila alipozungusha meza ya hadubini. Alikuwa akitafuta pembe kati ya mihimili miwili ya mwanga ndani ya fuwele: kwenye piroksimangaiti ni ndogo, digrii 40 hivi, na kwenye rodonaiti ni pana, 60 hadi 70 na kitu. Akatazama fuwele kadhaa, akaandika kwenye daftari. Pana. Rodonaiti.

Niseme hapa jambo ambalo siku ile hakuna aliyelijua, kwa sababu halikuwapo. Mwaka 2019 Jumuiya ya Kimataifa ya Minerolojia iliidhinisha mpango mpya, na rodonaiti ikawa kundi zima. Ile nafasi kubwa ndani ya fuwele ikikaliwa na kalsiamu, ndiyo rodonaiti yenyewe. Ikikaliwa na manganizi, ni vitinkiaiti, iliyopewa jina la Vittinki, Finland. Chuma ikiingia kwa wingi kwenye nafasi yake, ni ferorodonaiti. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye daftari la Chiromo leo ni jina la ukoo tu, si la mtu, mpaka atokee wa kupima kalsiamu kwenye ile milimita 0.03. Wapo wanaoona mabadiliko haya ni usumbufu wa maprofesa. Mimi nayapenda. Jina la 1819, alilolitoa Mjerumani Jasche, lilitokana na rangi ya waridi. Haya mapya yanatokana na nani anakaa chumba gani ndani ya jiwe.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya gunia. Kisha akauliza swali lake. "Bei?"

Mama akawa mkweli. Rodonaiti ang'avu, ya kukatwa kama kito, ni adimu sana duniani. Wanaitafuta kwa hamu kutoka Broken Hill kule Australia na Minas Gerais kule Brazili. Lakini hii ya Mzee ilikuwa bonge lisilopitisha mwanga, la kuchongwa. Halafu, nadhani kwa kumfariji, akamsimulia kwamba Urusi wanaiheshimu sana, wana yao kutoka milima ya Ural, na kwamba St. Petersburg kuna kaburi la Maria Alexandrovna, mke wa mfalme Alexander wa Pili, lililochongwa kutoka bonge moja la rodonaiti.

Lilikuwa kosa la kibiashara. Mzee alisimama.

"Wake wa wafalme wanazikwa ndani yake, na nyinyi mnaniambia si kitu? Hata zile ganeti za Umba mlizikataa. Mabroka walizitupa, wakazipa na jina la matusi. Leo nani anazigusa bila milioni?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu kuhusu ganeti za Umba, bonde la kaskazini mashariki mwa Tanzania, alikuwa sahihi kabisa. Zilikataliwa miaka ya sitini kwa kuwa hazikulingana na aina yoyote iliyojulikana sokoni, na siri yake, kwa kiasi fulani, ilikuwa hiyohiyo manganizi.

Mama aliomba kipande kiasi cha ngumi kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Mzee akamwuliza chuo kitalipa ngapi. Chuo hakikuwa na fungu la kununua mawe. Mzee akalifunga jiwe: gazeti, leso, gunia. Nilimwonea mama huruma, lakini nikiwa mimi Mzee, nimepanda basi usiku kucha, ningefanya vilevile.

Jioni ile mjomba alimwita mchongaji mmoja anayetengeneza wanyama wadogo wa kuuzia watalii. Huyu hakupima chochote. Alilowesha jiwe kwa mate, akalielekeza dirishani, akaona ile mishipa myeusi juu ya waridi, akasema angetoa kifaru mzuri humo. Walibishana kwa muda mrefu, Mzee akimtaja mke wa mfalme wa Urusi kila bei iliposhuka, na ajabu ni kwamba ilimsaidia. Walikubaliana shilingi elfu kumi na nne. Haikuwa milioni mbili alizozitaja siku ya kwanza, lakini nilijua wenye rodonaiti waliotoka mle chumbani na pungufu ya hapo.

Akazihesabu, akazigawa mifuko mitatu tofauti, akamgeukia mjomba.

"Na kile kipande mlichokisaga?"

"Kilisagwa kwa faida yako, Mzee."

"Kilikuwa changu kabla ya kusagwa."

Mjomba akatoa mia tano. Mzee akainyoosha noti, akaiangalia kwenye mwanga kama tulivyomfundisha kuangalia mawe, akaniomba nimsindikize mpaka kwenye mabasi. Njiani alinieleza kwamba kwenye shimo lilelile, chini zaidi, kuna jingine la kijani.