Flashi ina nafasi, lakini inakataa faili kubwa

Flashi ya GB 64 iko tupu, ila ukinakili filamu ya GB 5 kompyuta inakwambia faili ni kubwa mno. Flashi haijaharibika. Imepangwa kwa mfumo wa kuhifadhi faili uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4, hata nafasi iwe tele.

Dawa yake ni kuipanga upya kwa exFAT, mfumo mwingine usio na kikomo hicho. Kwanza hamishia kila kitu kwenye kompyuta, maana kuipanga upya kunafuta vyote vilivyomo. Katika Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la flashi, chagua Format, kwenye File system weka exFAT, kisha Start. Usichague mfumo wa NTFS kama utaitumia flashi pia kwenye Mac: Mac itasoma tu, haitaandika.

Lakini flashi ya muziki wa gari iache na FAT32. Redio nyingi za magari, hasa za zamani, hazitambui exFAT kabisa.

Na ukiona GB 59 badala ya 64, hujaibiwa: kutoka KB hadi MB hadi GB, mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.