Mgeni wa Kukopeshwa

Gari ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, ilitubana tangu mjini, mimi na binti yangu wa miaka tisa, katikati ya kapu la nazi na kuku wawili waliofungwa miguu. Jozani mtoto aliona kima punju wakivuka barabara, akasahau kulalamika. Kitogani tukaiacha njia ya Paje, tukashika ya Muyuni, na upepo wa kusi ukaanza kuingia madirishani, baridi ya Julai ile.

Bibi tulimkuta uani juu ya mkeka, anapukuchua kunde.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmenitia roho juu. Nikasema leo Mwaka unaingia na nyumba yangu haina mgeni."

Hakuwa anatania. Makunduchi, nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa huku, ina mkosi. Mimi nimetahiriwa kijiji hiki hiki, lakini kwa kuwa nalala mjini, siku hiyo nahesabiwa mgeni, na nashukuru, maana mgeni haoshi masufuria.

Binti akauliza kwani mwaka mpya si Januari. Bibi akacheka. "Huo wa maofisini, mwanangu. Wa shamba ndio huu." Akamshika vidole, akaanza kumhesabia miongo: siku kumi mwongo mmoja, miongo 36, kisha siku tano za kumalizia. Jumla 365. Wazee wakijua mwongo gani upo, wanajua lini pepo zinageuka na lini mbegu ziingie ardhini. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani huzunguka masika na kiangazi. Kwa swaumu na Idi hauna mshindani, ila mtama huwezi kuupandia. Ndipo ilipohitajika hesabu ya jua, na hiyo ilitoka Uajemi. Siku yenyewe wazee huiita Nairuzi, neno la Kiajemi, maana yake siku mpya. Iran huisherehekea Machi. Yetu huhesabiwa siku 365 kavu, bila ile ya nyongeza kila baada ya miaka minne, basi zikaachana njia. Habari za nani ni Mshirazi halisi, mzao wa Shirazi ya Uajemi, na nani si Mshirazi sizitii mdomo, nina shemeji wengi. Lakini hapo jirani, Kizimkazi, msikiti una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Watu na hesabu zao wamevuka bahari hii zamani sana.

Na hilo jina Kogwa, la kukoga? Watu walishuka pwani kuuoga mwaka wa zamani utoke mwilini. Bibi bado hushuka, alfajiri, kabla sisi hatujafika.

Mchana tukaenda uwanjani. Vijana wa kaskazini na wa kusini wakatandikana kwa mabua ya migomba, kila mwenye kinyongo akamtafuta wake, na wanawake kwa kanga mpya wakazunguka wakiimba mafumbo ambayo nilimwambia binti siyaelewi. Kikatiwa moto kibanda cha makuti, waliokuwa ndani wakachomoka mbio. Wazee walikuwa wanatazama moshi tu: unakoelekea ndiko wanakosoma neema ya mwaka. Ulilalia baharini. Mzee mmoja akasema samaki. Mwengine, mkulima, akanyamaza.

Nyumbani tulikula wali wa nazi, kunde zile zile za mkekani, na pweza. Nikalegeza mkanda. Mara jirani akabisha hodi, mama wa makamo, uso umemsawijika: mgeni wake wa mjini kakosa gari.

Bibi hata hakuniangalia. "Mchukue huyu. Mtoto anabaki kwangu, nisije nikabaki mtupu mimi."

Nikaenda. Nikapakuliwa sinia la peke yangu, mwenyeji amekaa mbele yangu ananitazama kila tonge, na kila nilipopunguza mwendo akaongeza mchuzi. Nilirudi magharibi, pumzi juu juu. Bibi aliniuliza jambo moja tu:

"Kakupa kuku au kakupa samaki?"