Nilivyototolesha kuku wa kishingo kwenye joto la Tanga

Kaskazi ikishika hapa Tanga, Desemba hadi Machi, kuku wenye manyoya mengi hushinda midomo wazi na mabawa wameyatanua, wanahema tu. Kuku hatoki jasho. Joto humtoka kwa pumzi na kwenye ngozi isiyofunikwa, basi. Ndiyo maana nilipoamua kutotolesha mwenyewe nilimtafuta kishingo, kuku wetu wa kienyeji mwenye shingo tupu, ambaye wengi humkataa kwa sura yake. Wanakosa kuku mzuri mno.

Jogoo nilimchagua kwa kumkagua shingo. Aliyerithi kishingo kwa mzazi mmoja tu huwa na kishungi cha manyoya mbele, chini ya shingo. Aliyerithi kwa baba na kwa mama ana shingo tupu kabisa, au vinyoya vichache vya kuhesabika. Nilimpata wa namna hii ya pili nikamwachia matetea wa manyoya ya kawaida. Vifaranga wote walitoka vishingo: hata kabla hawajakauka vizuri ule wekundu wa shingo ulionekana. Sipandishi wawili wa shingo tupu kabisa, kwa sababu vifaranga wa damu hiyo hufia zaidi ndani ya yai siku za mwisho. Mchanganyiko unanitosha. Manyoya yake ni pungufu, na joto analimudu.

Kazi kubwa iko kwenye yai. Yai lenye mbegu huanza kukua taratibu joto likizidi nyuzi 20 na kitu, na chumbani kwangu mchana wa kaskazi hupita 30. Kifaranga mchanga ndani ya yai kinaanza safari kabla ya koo kulalia, kisha kinakufa. Bibi mmoja jirani, mfugaji wa miaka mingi, aliniambia, "Mwanangu, mayai ya kuatamisha hayakai kabatini. Tafuta chungu." Chungu kipana, mchanga uliolowa chini, kitambaa juu ya mchanga, mayai, halafu kitambaa kingine cha pamba, vyote kivulini. Maji yanapokauka polepole kupitia udongo, chungu kinapoa. Mayai nayaokota asubuhi, mchana na jioni, naandika tarehe kwa penseli. Likizidi wiki, linakwenda jikoni.

Koo mmoja nampa mayai 10 hadi 12. Chini ya nyasi za kiota natandaza majivu, maana utitiri huzaliana sana kwenye joto na humfanya koo akimbie mayai yake. Siku ya 7 ya kulalia, usiku, napima kwa tochi: yai zima linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui, lisilo na mbegu ni jeupe pe. Siku ya 21 simgusi koo, namsogezea maji tu.

Banda ni la makuti, kuta za wavu. Bati siliwezi kwa joto hili. Chakula nawapa alfajiri na jioni, kwa kuwa kusaga chakula nako huongeza joto mwilini. Chanjo ya mdondo, ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, ni tone moja jichoni kila miezi 3, na hapo sina mjadala na mtu, kwa sababu mdondo ukiingia hauulizi kishingo wala kuchi, aina nyingine ya kuku.

Matetea wa kwanza wanakaribia kutaga, kwa hiyo baba yao anaondoka. Nimekubaliana na mfugaji wa Muheza tubadilishane majogoo, damu isijirudie.