Kumbukumbu ya mradi: nyota ya nyutroni humezwa au huraruliwa?

Nyota yangu ya nyutroni (kiini kilichobanwa sana cha nyota kubwa iliyokufa), ninayoiiga kwenye kompyuta, imetulia. Ni mpira wa chembe 40,000 wenye masi 1.4 za Jua ndani ya nusukipenyo cha kilomita 12, na sasa naweza kuuacha peke yake kwenye kompyuta bila kuvimba wala kunywea. Niliweka msuguano wa bandia mpaka mitikisiko ikafa, kisha nikauondoa. Picha zake hazivutii, lakini pasipo hatua hii huwezi kujua kama nyota imeharibiwa na shimo jeusi au ilikuwa inasambaratika yenyewe.

Sasa ndilo swali lenyewe: nyota hii ikilikaribia shimo jeusi, humezwa nzima au huraruliwa kwanza?

Kabla ya kuwasha programu nilipiga hesabu kwa kalamu. Jibu linategemea umbali wa aina mbili. Wa kwanza ni pale uvutano wa shimo unapoishinda nyota, ikashindwa kujishikilia na kuanza kumwaga mada. Wa pili ni obiti ya mwisho iliyo thabiti. Ukiipita hiyo hakuna kuzunguka tena, ni kuporomoka tu. Kwa shimo lenye masi 9 za Jua lisilojizungusha, kuraruka kungeanzia kwenye kilomita 51 hivi, lakini obiti ya mwisho iko kwenye kilomita 80. Nyota imeshazama kabla ya kuchanika. Kwa masi 3 za Jua mambo yanageuka: kuraruka huanzia kilomita 38, obiti ya mwisho iko kwenye 27. Shimo dogo ndilo katili zaidi!

Programu imekubaliana na kalamu. Kwenye shimo la masi 9 nyota ilirefuka kidogo ikapotea. Kwenye lile la masi 3 ilichongoka upande unaolielekea shimo, ncha ikaanza kumwaga chembe, kisha mkia mrefu ukachomoka upande wa pili kama uzi unaosokotwa kutoka kwenye pamba. Chembe nyingi zilimezwa, baadhi zikabaki zikizunguka kama sahani, na zile za mwisho wa mkia zina nishati ya kutosha kutorudi kamwe. Hizo ndizo ninazozipenda. Wanafizikia Lattimer na Schramm walipendekeza mwaka 1974 kwamba mada ya namna hii, iliyojaa nyutroni, inaweza kuzalisha elementi nzito kama dhahabu.

Sitatui milinganyo kamili ya Einstein. Natumia kanuni ya Paczyński na Wiita ya mwaka 1980: graviti ya Newton, ila nusukipenyo cha shimo kinatolewa kwenye umbali kabla ya kugawanya. Inaiweka obiti ya mwisho mahali pake hasa, na swali langu linahitaji hilo kuliko kitu kingine. Kwa umbo la mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga inayotokana na mwendo wa vitu vizito, haifai, kwa hiyo sichori grafu ya mawimbi kutoka humo.

Kasi ya kazi ni ndogo. Nyota na shimo la masi 3 vikiwa kilomita 50 kutoka kimoja hadi kingine, mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 3, na sauti husafiri ndani ya nyota kwa kasi kubwa mno hivi kwamba kila hatua ya hesabu haiwezi kuzidi mikrosekunde chache.

Matokeo haya yanaendana na anga. Januari 2020 LIGO na Virgo, vigunduzi vya mawimbi ya graviti, vilinasa miungano miwili ya nyota ya nyutroni na shimo jeusi, GW200105 na GW200115. Shimo la kwanza lilikuwa na masi karibu 9 za Jua, na hakuna mwanga uliothibitishwa kutoka kwa wowote kati ya hiyo miwili, kama inavyotarajiwa nyota ikimezwa nzima bila kumwaga mada. Tukio la Mei 2023, GW230529, lilikuwa na kitu cha masi kati ya 2.5 na 4.5 za Jua, eneo lilelile ambako nyota yangu inachanika.

Kinachofuata ni shimo linalojizungusha. Obiti ya mwisho ya shimo la masi 9 linalozunguka kwa kasi ya juu kabisa, upande uleule na nyota, hushuka kutoka kilomita 80 hadi karibu 13, na hapo hata shimo kubwa litararua. Kanuni ya sasa haijui mzunguko, kwa hiyo naanza kuandika upya sehemu ya graviti kwa kutumia jiometria ya Kerr, inayoeleza anga kuzunguka shimo linalojizungusha.